Masomo ya Kiingereza, historia na lugha za kigeni katika haiskuli ya Marekani: mwongozo kamili kwa familia zinazozungumza Kiswahili

Aliyezoea KCSE, mitihani ya NECTA au Examen d'État ya Kongo huingia haiskuli ya Marekani na hesabu isiyofaa kichwani: kwamba hata ukizembea miaka mitatu, ukikaza mwaka wa mwisho mtihani utakuokoa. Hapa hakuna mtihani wa kukuokoa. Diploma hutolewa kwa kuhesabu krediti, moja baada ya nyingine, tangu gredi ya 9. Somo la mwaka mzima lina krediti 1, la semesta moja lina nusu. Ukifeli somo la lazima, krediti hiyo haiji, na lazima ulirudie.

Kwa mwanafunzi mgeni, kinachochelewesha diploma mara nyingi ni Kiingereza. Karibu kila mahali zinatakiwa krediti 4 za Kiingereza, nazo hufuatana kwa ngazi. Kijana anayefika akiwa na miaka 16 na kuingizwa gredi ya 10 ana miaka mitatu ya kujaza nafasi nne. Ndiyo maana mwongozo huu unakipa Kiingereza nafasi kubwa, kisha unafika kwenye lugha za kigeni, ambako mtoto wa Kiswahili ana mali ambayo familia nyingi huiacha mezani.

Siku ya usajili

Kati ya fomu utakazopewa, moja huuliza ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani. Andika ukweli: Kiswahili, Kinyamulenge, Kirundi, Kibembe, chochote kile. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto "atawekwa ESL", yaani darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo. Matokeo yake mtoto huingia darasa la kawaida bila msaada wowote, bila muda wa ziada kwenye mitihani, na alama za semesta ya kwanza hubaki kwenye transkripti yake (rekodi rasmi ya masomo na alama) mpaka anamaliza.

Ukishaandika lugha nyingine, shule itampima mtoto katika kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Mwaka wa shule ukiwa unaanza, mzazi anapaswa kupewa taarifa ya matokeo ndani ya siku 30. Mtoto akiingia katikati ya mwaka, ndani ya wiki mbili. Kila mwaka atapimwa tena mpaka afikie kiwango cha kutoka kwenye programu. Majimbo mengi hutumia mtihani wa WIDA wenye ngazi 1 hadi 6. Texas inatumia TELPAS, California ELPAC, New York NYSESLAT. Hifadhi kila barua ya matokeo kwenye faili moja. Utaihitaji siku mtakapohamia jimbo jingine.

Siku hiyohiyo peleka kila karatasi ya shule ya nyumbani: ripoti za muhula kutoka Kakuma, bulletin za shule za Wakongo za Nyarugusu, matokeo ya kidato cha pili ya Tanzania, cheti cha Nakivale. Usiseme "hizi ni za Kifaransa, hawatazielewa." Omba zitafsiriwe na zitathminiwe, na uombe jibu kwa maandishi: ni krediti ngapi zimekubaliwa, na za masomo gani. Historia, jiografia na hisabati alizosoma kule zinaweza kuhesabiwa. Aliyesoma sekondari Kenya, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, aulize waziwazi kama Kiingereza chake cha huko kitapewa krediti. Shule nyingi hazilitaji jambo hili zenyewe, na mwaka mzima unaweza kupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Angalia pia amepangwa gredi gani. Kijana wa miaka 17 akiwekwa gredi ya 9 kwa kuwa hana karatasi, atamaliza na miaka 21, na katika majimbo mengi huo ndio ukingo wa elimu ya sekondari ya bure. Kataa kwa adabu, uombe kikao.

Orodha ya masharti ya jimbo na ya wilaya

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Jimbo huweka kiwango cha chini, wilaya ya shule huweza kuongeza juu yake. Texas hudai krediti 22, au 26 kwa wanaochukua mkondo wa ziada uitwao endorsement. Ndani yake mna Kiingereza 4, masomo ya jamii 3 na lugha ya kigeni 2. Ohio hudai 20, Kiingereza 4 na masomo ya jamii 3, lakini jimbo halilazimishi lugha ya kigeni. New York ni 22, na masomo ya jamii ni 4. California ina mtego wake: jimbo linataka miaka 3 tu ya Kiingereza kwa diploma, ilhali vyuo vikuu vya umma vya UC na CSU vinataka miaka 4, pamoja na miaka 2 ya historia na miaka 2 ya lugha moja ya kigeni, vyote kwa alama ya C au zaidi. Kwa hiyo kijana anaweza kuvaa joho la mahafali huku mlango wa chuo umefungwa.

Mwombe kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, karatasi mbili: masharti ya diploma, na masharti ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo lako. Zilinganishe mstari kwa mstari, ufuate ile yenye masharti magumu zaidi.

Kiingereza: swali moja la kuuliza kabla ya yote

Swali lenyewe ni hili: darasa hili la ESL lina krediti ya Kiingereza, au ya somo la hiari? Jibu hutofautiana. Texas ina kozi za English I na English II kwa wanaojifunza lugha, na zinahesabika kama English I na II za kawaida. UC ya California hukubali mwaka mmoja tu wa kozi ya namna hiyo, tena ya ngazi ya juu. Wilaya nyingine huandika ESL yote kuwa somo la hiari, na mtoto hufika gredi ya 11 akiwa na A tatu za ESL na krediti sifuri za Kiingereza.

Kama ESL ni ya hiari tu, omba asome ESL na English I katika mwaka mmoja. Ni kazi nzito lakini inawezekana, hasa pale ambapo mwalimu wa ESL huingia darasa la Kiingereza kusaidia. Kwa kijana wa miaka 16 tuliyemtaja, mpango unaweza kuwa hivi: gredi ya 10, ESL pamoja na English I; gredi ya 11, English II na English III; gredi ya 12, English IV. Shule yenye ratiba ya vipindi vinne virefu kwa siku hurahisisha jambo hili, maana huko somo la mwaka huisha kwa semesta moja. Penye vipindi saba au vinane vifupi, nafasi ya pili hutafutwa kwenye shule ya kiangazi, Juni na Julai. Kozi za mtandaoni za kufidia zipo pia, ila ziwe chaguo la mwisho: kijana hubofya majibu, anapata krediti, na kuandika bado hajui.

Wanamichezo wasome hapa mara mbili. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hudai kozi 16 za msingi kwa Daraja la I, 4 kati yake za Kiingereza. Si kila kozi ya ESL inakubaliwa. Kila haiskuli ina orodha ya kozi zake zilizoidhinishwa na NCAA. Iangaliwe akiwa gredi ya 9, kabla kocha wa soka hajaanza kuahidi mambo.

Ndani ya darasa: alama zinavyopotea

Shule nyingi hupima hivi: 90 kwenda juu ni A, 80 hadi 89 B, 70 hadi 79 C, 60 hadi 69 D, chini ya hapo F. Kinachowashangaza wageni ni sifuri. Kazi isiyowasilishwa huandikwa 0, na 0 hula kuliko F ya kawaida. Mwenye kazi nne zenye 80, 80, 80 na 0 ana wastani wa 60, yaani D, japo kila alichokifanya kilikuwa cha B. Angewasilisha ile ya nne hata nusunusu akapata 50, wastani ungekuwa 72.5. Kazi mbovu iliyowasilishwa ina thamani kuliko kazi nzuri iliyobaki kwenye begi. Ingia kwenye tovuti ya wazazi (PowerSchool, Infinite Campus au nyingineyo) kila Ijumaa jioni, tafuta neno "Missing", na umwambie mtoto aanze na hizo.

Kukaa kimya na kuinamisha macho, ambako kwetu ni heshima, mwalimu wa hapa anaweza kukuona kama kutojali. Mtoto ajizoeze kusema jambo moja katika kila kipindi, hata kama ni swali.

Insha ndiyo uti wa mgongo wa somo. Muundo unaotakiwa haubadiliki sana: aya ya mwanzo inaishia na sentensi ya hoja kuu, ile ambayo mtu mwingine angeweza kuipinga. "Insha hii inahusu upendo" si hoja. "Vijana hawa wanaangamizwa na haraka ya wazazi wao kuliko chuki" ni hoja. Kila aya ya katikati ina dai, nukuu kutoka kitabuni ikiwa na namba ya ukurasa, kisha maelezo. Wanafunzi wetu huangukia kwenye maelezo: wananukuu vizuri, halafu wanahamia nukuu nyingine. Kwa kila nukuu waandike walau sentensi mbili zao wenyewe zinazoonyesha nukuu hiyo inathibitisha nini. Mwonekano wa karatasi mara nyingi ni wa MLA: herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo inchi 1 kila upande, na orodha ya vyanzo mwishoni. Alama za hapo ni za bure.

Tahadhari kuhusu kunakili. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, kutoa maneno ya kitabu kama yalivyo ni ishara kwamba umesoma. Hapa ni wizi, na adhabu yake huanzia 0 mpaka kuitwa mzazi. Vivyo hivyo kumpa mwenzako kazi yako "aangalie tu", au kuandikiwa insha na programu ya kompyuta. Kutafsiri neno mojamoja kwa kawaida kunaruhusiwa. Kuandika insha nzima kwa Kiswahili na kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri, muulize mwalimu kwanza.

Historia na masomo ya jamii

Mpangilio wa kawaida ni historia ya dunia au jiografia gredi ya 9 au 10, historia ya Marekani gredi ya 11, kisha serikali na uchumi, nusu krediti kila moja, gredi ya 12. Historia ya Marekani ndiyo ngumu zaidi kwa mgeni, kwa sababu kitabu huchukulia kwamba mtoto amekuwa akisikia majina hayo tangu chekechea. Ikiwezekana, mwaka wa kwanza achukue historia ya dunia, na ile ya Marekani ingoje Kiingereza kikue.

Kwenye kozi ya AP (Advanced Placement, kozi ya kiwango cha chuo inayosomwa haiskuli) ya historia ya dunia, inayoanzia mwaka 1200, atawakuta watu wake: biashara ya Bahari ya Hindi, Kilwa na dhahabu ya Sofala, safari ya Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331. Lakini AP si ya kuingia kwa fahari. Mtihani wake wa Mei hupimwa 1 hadi 5, na ndani yake mna swali la nyaraka 7 linalopewa dakika 60, ambapo mwanafunzi hujenga hoja kutokana na nyaraka hizo. Anayesoma polepole hupotea kwenye waraka wa tatu. Atakayeweza kusoma kurasa 10 za kitabu cha historia kwa jioni moja na kuzisimulia, huyo yuko tayari.

Mitihani ya jimbo huwa na nafuu kwa wanaojifunza Kiingereza. Majimbo mengi huruhusu muda wa ziada na kamusi ya neno kwa neno. Kamusi yenye fasili na mifano ya sentensi, kama zile kubwa za TUKI, inaweza kukataliwa mlangoni, hivyo muulize mwalimu wa ESL wiki kadhaa kabla, na mtoto aizoee atakayoitumia.

Somo la serikali lina faida nyingine nyumbani. Majimbo kadhaa, Arizona ikitangulia mwaka 2015, yamewataka wanafunzi wa haiskuli wafanye mtihani unaotokana na maswali ya uraia. Mzazi anayejiandaa kuomba uraia na mtoto wa gredi ya 12 wanaweza kuulizana maswali mezani.

Lugha ya kigeni: Kiswahili kina krediti

Kwanza kanuni ambayo wengi huikosea. Penye sharti la miaka miwili, maana yake kwa kawaida ni miaka miwili ya lugha ileile. Mwaka mmoja wa Kihispania na mmoja wa Kifaransa ni krediti mbili kwenye karatasi, na sharti halijatimia.

Pili, usimpeleke mtoto wa ESL ngazi ya kwanza kwenye Kihispania mwaka huohuo. Lugha mbili mpya kwa pamoja huchanganyana, na sharti hili linaweza kungoja. Atakapoanza, a, e, i, o, u za Kihispania, zinazotamkwa kama za Kiswahili, zitamjia zikiwa tayari.

Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu, Uvira au Bujumbura asikae French I na watoto wanaojifunza kusalimiana. Omba mtihani wa kupangwa, mara nyingi ataangukia ngazi ya tatu au ya nne, na baada yake kuna AP French. Anachopaswa kukipalilia ni maandishi: upatanisho wa jinsia na wingi, na alama za juu ya herufi.

Sasa Kiswahili. Hakuna AP ya Kiswahili. Lakini wilaya nyingi hutoa krediti za lugha kwa mtihani, bila kukaa darasani, na Kiswahili kimo kwenye mitihani inayotumika zaidi: STAMP ya kampuni ya Avant, na mitihani ya kusema na kuandika ya ACTFL, chama cha Marekani cha ufundishaji wa lugha za kigeni. Jimbo la Washington lina mfumo ulio wazi kuliko mingi: anayefikia kiwango cha kati cha ngazi ya kati katika stadi zote anaweza kupata hadi krediti 4. Matokeo hayohayo huweza kumpa Seal of Biliteracy, muhuri wa lugha mbili kwenye diploma ulioanzia California mwaka 2011 na sasa umeenea nchini, akitimiza pia sharti la Kiingereza.

Hatua zake ni hizi. Mwandikie kaunsela, au mratibu wa lugha wa wilaya kama kaunsela hajui. Uliza ni mtihani gani wanaukubali kwa Kiswahili, kiwango gani kinatoa krediti ngapi, nani analipa, na unafanyika lini. Uliza pia kama krediti itaingia na alama au itaandikwa tu kwamba amefaulu. Mara nyingi ni hilo la pili, kwa hiyo haipandishi wastani wake. Muda mzuri ni gredi ya 10 au 11, ili akikwama arudie.

Naye hukwama, tena palepale: kuandika. Watoto waliokulia kambini au Marekani huongea bila shida, ila wengi hawajawahi kuandika ukurasa mzima wa Kiswahili. Tuseme swali linamtaka aeleze maisha yake ya shule. Jibu la kwanza: "Mimi napenda shule. Shule ni nzuri. Nina rafiki mingi." Hilo litabaki chini. Jibu la pili: "Nilipohamia hapa mwaka jana sikuwa na rafiki hata mmoja, lakini tangu nijiunge na timu ya mpira nimezoea, ingawa hesabu bado zinanisumbua." Msamiati ni ule ule wa mtoto. Tofauti ni kwamba wakati uliopita na uliopo umeunganishwa, na sentensi zimefungwa kwa "nilipo-", "tangu", "lakini", "ingawa". Wasahihishaji hupima hilo: neno mojamoja, sentensi, au aya inayosogea kutoka jana hadi leo.

Kwa anayeongea Kiswahili cha Goma au Lubumbashi, sehemu za kusoma na kusikiliza huwa katika Kiswahili sanifu. Si kwamba chake ni kibovu; masikio tu hayajazoea. Dakika 20 kwa siku za BBC Swahili au DW Kiswahili kwa wiki sita hadi nane, na aya moja ya kuandika kila Jumapili inayosomwa na mjomba au shangazi anayekijua sanifu, zinatosha kwa wengi.

Kalenda ya vikao

Masomo ya mwaka ujao huchaguliwa kati ya Januari na Machi, si Agosti. Ukingoja mpaka shule ifunguliwe, utapewa kilichobaki. Omba kikao mapema, na uombe mkalimani unapoweka miadi. Mtoto asiwe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Hata mtoto mwema hupunguza makali ya habari mbaya. Usajili wa mitihani ya AP hufungwa katikati ya Novemba, na ada yake, karibu dola 100 kwa mtihani, hupunguzwa kwa familia zenye kipato kidogo zikiomba.

Kila Juni chukua nakala ya transkripti. Kwa kalamu, weka alama pembeni ya kila krediti kwenye ile karatasi ya masharti: Kiingereza ngapi, masomo ya jamii ngapi, lugha ngapi. Kosa la uandishi, kama English II iliyoingizwa kwenye masomo ya hiari, husahihishwa kwa siku moja gredi ya 10. Likigunduliwa Aprili ya gredi ya 12, huwa ni msururu wa barua na machozi.

Familia nyingi huhama kufuata kazi, kutoka Texas kwenda Iowa, kutoka Ohio kwenda Kentucky. Kama mnaweza kuchagua mwezi, hameni semesta ikiisha, Desemba au mwishoni mwa Mei. Anayeondoka Novemba huacha nusu krediti katika kila somo zikiwa zinaelea, na shule mpya hailazimiki kuzimalizia. Ondokeni na transkripti, barua za matokeo ya mtihani wa lugha, na muhtasari wa kozi alizokuwa akisoma, mkononi mwenu, si "itatumwa".